Njia ya Miguu ya Kolwenge

Ijumaa ile asubuhi hakuna aliyekuwa akipiga kelele kwenye benchi letu, na hilo peke yake lingemshangaza yeyote anayeijua Kolwenge. Ni senta ndogo ya maduka kwenye barabara kuu, mbele kidogo ya Otonglo ukielekea Busia. Benchi liko nje ya bucha, ukingoni kabisa mwa lami, karibu na jiko la Debra anayetuuzia kahawa ya tangawizi, na mimi hushona viatu pembeni yake. Wanaokaa hapo ni walewale. Kuna Opondo, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, tunayemwita Spika kwa sababu hakuna anayeongea kabla yake. Kuna Walubengo mwenye bucha, mtu wa Bungoma. Yeye jina lake hapa ni Mizani. Na kuna Joram wa pikipiki, tunayemwita Ndege, na ukipanda pikipiki yake utajua sababu. Ndege hakuwepo. Alikuwa amelifuata gari lililompeleka Nangila hospitali, baada ya lori la mchanga kumgonga mbele ya macho yetu.

Nangila ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ukiona ule mkoba wake wa bluu unakuja, ujue leo kuna mzee atapimwa presha, na kuna mlevi ataulizwa kama amemeza dawa zake za kifua. Hakuna boma hapa ambalo hajaingia, na huenda kote kwa miguu.

Kahawa ilikuwa imemiminwa lakini vikombe vilikuwa bado vimejaa. Mizani ndiye aliyeongea kwanza.

— Mimi bado nasikia ile sauti. Si ya breki. Ile nyingine.

— Usiseme, Debra akamwambia. Tafadhali.

Kilichofanya midomo iwe mizito zaidi ni baraza la jana yake. Injinia alikuja kwa chifu na mpango wa barabara yetu: njia ya miguu pande zote mbili, na kingo za mawe za kuzuia magari yasipande juu ya watu. Vibanda vyote virudi nyuma. Spika akasimama kwa niaba yetu akasema Kolwenge si Nairobi, na miguu yetu haijawahi kulalamika. Tukapiga makofi. Nangila aliinua mkono kule nyuma, akakaa na mkono juu mpaka ukachoka, na baraza likafungwa. Chifu akasema turudi Jumanne na jibu moja.

— Dereva alikuwa amelala, Mizani akasema.

— Hakuwa amelala, nikamjibu. Nilimwona. Alikuwa anaangalia simu.

Spika akakohoa. Akikohoa vile, sisi hunyamaza.

— Sikilizeni. Jana tumekataa mpango. Leo asubuhi lori linagonga mtu, tena hapa hapa tunapokaa. Hapo hamwoni kitu?

— Kitu gani?

— Hiyo lori imetumwa.

— Imetumwa na nani, Spika?

— Na hao watu wa mpango. Watutishe, ndio Jumanne twende pale mikono juu.

— Lakini lori yenyewe ni ya Owiti, Mizani akasema. Owiti alikuwa kwa baraza. Alikaa karibu na wewe, akapiga makofi kutushinda sisi wote.

— Basi hapo ndio ujue njama ni kubwa.

Mizani akakunja uso.

— Mimi naona ni vile vigingi vyekundu walipigilia hapa kupima barabara. Tangu waviweke, nyama yangu inaharibika kabla ya mchana. Kuna kitu huko chini wameamsha.

— Friji yako ilikufa Krismasi, Debra akasema.

— Ilikufa, ndiyo. Lakini ilikufa kwa nini?

Spika akaendelea, sauti ikipanda kidogo kidogo.

— Hata wakijenga, hizo kingo za mawe zitatuua haraka kuliko lori. Mvua kubwa ikija, maji ya huko juu yataenda wapi? Yatakaa hapa. Kolwenge itageuka ziwa. Mtaona viboko wanatoka kule ziwani Dunga wanakuja kupita kwa hiyo njia yenu ya miguu.

— Kiboko hawezi panda huku, omera, ndugu yangu, Mizani akasema. Ni mlima.

— Akipata njia laini atapanda.

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Siku hiyo hakuna aliyecheka, hata Spika mwenyewe hakutabasamu. Alikuwa akiongea huku macho yake yako pale kwenye lami Debra alipomwaga majivu ya jiko kufunika damu. Magari yalikuwa yakipita juu ya majivu hayo, na kila gari likipita sote tulikuwa tukirudisha mabega nyuma. Tuliongea kwa sababu tulikuwa tunaogopa kunyamaza.

Ndege akarudi. Alizima pikipiki mapema, akaisukuma kwa mkono hadi kwenye benchi, jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya.

— Yuko hai, akasema.

Debra akakaa chini kwenye jerikani lake la maji, akajifunika uso kwa kanga.

— Mguu umevunjika huku juu, na nyonga pia, Ndege akaendelea. Nimeacha wakimpeleka kupasuliwa. Daktari anasema atatembea tena, lakini si leo wala kesho. Hata mwaka huu hakutaka kusema ndiyo.

— Anaongea? nikauliza.

— Anaongea. Aliniuliza mkoba wake uko wapi. Anasema kuna dawa ya mtoto wa Nabututu ndani, na ilikuwa ifike asubuhi.

Mizani akageuka akaangalia ukuta wa bucha yake. Wanatoka upande mmoja, yeye na Nangila, na kila Jumapili walikuwa wakitaniana kwa lugha ya kwao nje ya kanisa.

Spika akavua kofia, akaipapasa, akaivaa tena.

— Mungu ni mwema, akasema. Lakini tuseme ukweli pia. Nangila ni mtu mzima. Anajua barabara. Mtu mzima anaingiaje kwa lami gari likikuja?

Debra akaondoa kanga usoni. Kwa miaka ambayo ametuuzia kahawa, sijawahi kumsikia akimpinga Spika mbele ya watu.

— Mzee, hukumsikia?

— Kumsikia nani?

— Nangila. Alifika hapo mwisho wa benchi akasema, "Wazee, nipisheni kidogo nipite." Wewe ulikuwa umenyoosha miguu, unatuambia vile uliongea kwa baraza. Mizani alikuwa amesimama na kikombe chake hapo. Pikipiki ya Ndege ilikuwa hapo. Akangoja. Mkaendelea tu na hadithi. Akasema tena. Ndio akashuka kwa lami awazunguke.

— Mimi sikusikia mtu, Spika akasema polepole.

— Najua hukusikia. Mimi nilisikia. Nikasema moyoni, si watampisha tu sasa hivi. Nikaendelea kukoroga sukari.

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka nyuzi mdomoni mwangu, na kitu cha bluu kikipita upande wa jicho. Nilikumbuka pia kwamba nilikuwa nacheka, kwa sababu Spika alikuwa ameifikia ile sehemu ya miguu yetu haijawahi kulalamika.

Ndege akainuka. Akaishika pikipiki yake kuitafutia mahali pengine, akairudisha nyuma, akaisukuma kulia, akakutana na magunia ya makaa. Akaisukuma kushoto, akakutana na meza ya nyanya. Akatazama mtaro ulio nyuma ya bucha, ule ambao kila mvua huongezeka kina. Mwishowe akairudisha pale pale ilipokuwa, akakaa juu yake akiwa ameinamisha kichwa.

Spika aliivuta miguu yake chini ya benchi. Aliivuta ndani kabisa, kama mtoto anayekemewa, na hakuinyoosha tena.

— Jumanne, akaanza. Jumanne mimi nitawaambia...



Jua lilikuwa limepanda sana wakati msichana mmoja aliposhuka kwenye gari ng'ambo ya barabara. Alingoja magari yapungue, akangoja tena, kisha akavuka akikimbia. Tulimjua kabla hajafungua mdomo, maana alikuwa na paji la uso la mama yake.

— Hamjambo wazee. Mimi ni Lorine, wa Nangila. Nimetoka hospitali. Nilimkuta kabla hawajamwingiza kupasuliwa. Amenituma mkoba wake, na kiatu kimoja.

Sote tuliinuka, hata Spika ambaye huwa hainuki kwa mtu. Debra akatoa mkoba alikokuwa ameuweka, nyuma ya jiko. Alikuwa ameupangusa mpaka ukang'aa. Mimi nikatoa kiatu. Nilikiokota katikati ya barabara asubuhi, kamba imekatika, na nilikuwa nimeishona bila kuambiwa na mtu, kwa sababu mikono ilikataa kutulia.

— Dawa ya mtoto wa Nabututu imeshafika, Debra akamwambia. Nilienda mwenyewe. Mwambie mama asiwe na wasiwasi.

— Pole sana, nyathina, mwanangu, Spika akasema. Mama yako ni mama wa hapa. Kaa kidogo, unywe kitu.

— Asante, Baba. Sitakaa.

Hata hivyo alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, asinywe. Alikuwa akituangalia mmoja mmoja kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba hapa ndipo penye watu wa kusaidia.

— Kuna kitu nataka kuuliza, akasema. Dereva amewaambia polisi mama alikuwa anatembea katikati ya barabara. Kwamba ni makosa yake. Lakini mama anakataa. Hata wakimdunga sindano alikuwa anarudia hiyo tu: mimi nilikuwa napita kando. Polisi wanakuja hapa mchana kupima, nami nataka niwaonyeshe mahali penyewe, ndio wasiandike ile maneno ya dereva.

— Sisi tutasema, Mizani akamwambia. Sisi wote tulikuwa hapa. Tutasema.

— Asanteni. Lakini watataka kuona kwa macho. Na mimi si mwenyeji, sikukulia hapa.

Akaangalia upande wa bucha, kisha upande wa makaa, kisha chini kwenye majivu.

— Nionyesheni tu. Hapa kwenu, kando ni wapi?

Ndege alitazama magurudumu yake. Spika akainua mkono kama anavyouinua barazani, kidole kikiwa tayari, akauelekeza kwenye benchi, akautoa hapo, akaupeleka kwenye magunia, ukapita juu ya meza ya nyanya, ukafika kwenye mtaro. Hapo ukasimama hewani. Tulimwona akiutazama mkono wake mwenyewe, kisha akaushusha taratibu.

Lorine hakutuharakisha. Alisimama pale kwenye lami, mkoba begani, kiatu cha mama yake kwapani na kahawa ikipoa mikononi, akisubiri mmoja wetu aseme. Gari likapiga honi nyuma yake, naye akasogea kwetu kadiri alivyoweza, mpaka magoti yake yakagusa benchi.