Aliyepanda Yu Hapa

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote nawasalimu, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti kanisogezea kiti, asante mama, ila naomba nisimame. Mimi nikikaa maneno hayatoki.

Hapa Mkuyuni mmezoea kuniona gulioni nauza karafuu na kucheka ovyo. Hamkuniona mume wangu alipofariki.

Tuliishi kule juu Kinole, kwenye shamba la ukoo wake. Waluguru wenzangu mnajua, wengine niwaeleze: kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume akifa, shamba linarudi kwa wapwa zake, si kwa mke wala kwa watoto. Nilijua. Lakini nimeolewa msichana, naona pori tupu, nikapanda mikarafuu. Nilibeba maji kutoka bondeni, mtoto mgongoni, kumwagilia miche. Mume wangu akawa ananiambia, "Unajichosha bure, mama fulani." Mimi mbishi.

Msimu wa kuchuma, wanawake tulisaidiana, leo kwangu, kesho kwa mwingine. Na tukichuma tunaimba: mmoja anatunga ubeti, wengine wanaitikia mstari wa mwisho. Mtunzi nilikuwa mimi, na kwa ulimi wangu huu hakuna aliyepona.

Nimetoka eda tu, mpwa wa mume akaja. Hakunitukana, jamani. Aliniamkia vizuri, halafu akasema, "Mama, ukoo unataka shamba lake."

"Na mikarafuu?"

"Nani alikuruhusu kupanda miti ya kudumu kwenye ardhi isiyo yako?"

Kwetu mgeni, yaani mtu wa ukoo mwingine, akipanda miti ya kudumu huonekana anainyemelea ardhi. Jasho langu likageuka kuwa kosa langu.

Ndugu zangu, nawaambia, kutulia nilisahau. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nakwenda mtoni bila ndoo, narudi, nakwenda tena. Kwetu Matombo, nilikozaliwa, dada zangu wanabanana kwenye kipande kidogo, ningewapeleka wapi watoto? Nilikuwa na hasira, nikakosa pa kuitua. Na nyimbo zikakatika kabisa.

Ukoo ukaitisha kikao. Wakaniuliza, una la kusema? Nikabaki nakunja ncha ya kanga. Wanaume wakaanza kuinuka, wanatafuta ndala zao. Sijui nini kilinisukuma, nikaanza kama vile tuko shambani tunachuma:

*Nimepanda karafuu, kwa mkono wangu huu,*
*Maji nimebeba juu, nikapanda kwa miguu,*
*Leo naitwa mgeni, nishuke bila nafuu,*
*Aliyepanda yu hapa, uliza mikarafuu.*

Nikajua nimejiaibisha. Mara nyuma yangu mtu akaitikia: "Aliyepanda yu hapa, uliza mikarafuu." Nikageuka. Alikuwa wifi yangu, mama mzazi wa mpwa yule yule! Akaitikia tena, na wanawake wa ukoo wao, wale tuliochuma pamoja, wakaingia wote. Nililia pale pale, sikuficha.

Wifi akamwambia mwanawe, "Ardhi hii imepita kwetu sisi wanawake ndipo ikakufikia wewe. Huyu haondoki." Kijana akarudi kukaa. Wazee wakateta, wakakubali: nyumba nikae, karafuu nichume mpaka nife.

Namshukuru Mungu, namshukuru wifi yangu, nawashukuru wale wanawake waliokuja baadaye, huzuni ya mume iliponirudia, kulala kwangu kwa zamu hadi nikaweza kula. Wengine wamo humu, wanajifanya hawanisikii.

Lakini nisiwadanganye, sijatulia. Nikifa mimi, wanangu watashuka ule mlima. Hilo nalisema kila kikao cha ukoo, wifi ananiambia nipumzike, sipumziki. Usiku na mchana natunga ubeti wao.

Basi ninalowaomba ni hili. Yupo mjane kati yetu leo anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Siku akisimama akaanza ubeti wake, hata sauti ikimtetemeka, msitafute ndala. Itikieni.