Njia ya Dakika Tisa

Ndugu, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na wewe mwalimu mkuu uliyekaa mstari wa pili, mimi ni mdogo wake marehemu, kazi yangu ni cherehani na si kusema mbele za watu, lakini familia imenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma yote, hata pale nilipoombwa nipunguze makali.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya bandari, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mpakia mizigo na mama mfua nguo, na mama alikuwa akituambia kwamba alikuja duniani akilia kama mtu anayedai haki yake, na kwa kweli hakuacha kudai mpaka juzi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, katika shule ya msingi iliyopo hapo chini ufukweni, ambayo wengi wenu mmesoma, na tarehe 14 Oktoba 1970, saa nne na robo asubuhi, akiwa darasa la tatu, ardhi ilitetemeka, walimu wakawatoa watoto uwanjani na kuwaambia wakae kimya wasubiri kengele, bahari ikarudi nyuma ikaacha samaki wakirukaruka mchangani, na watoto kumi na mmoja wakateremka kuwaokota, akiwemo rafiki yake waliyekaa dawati moja. Mfagizi wa shule, mtu ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyepiga kelele kwamba maji yanayoondoka hivyo hayajaaga, akawaswaga waliobaki kupitia kijia cha nyuma ya vyoo hadi juu kilimani, na dakika kumi na nne baada ya tetemeko maji yakarudi, wale kumi na mmoja hawakuonekana tena. Tulipokuwa wadogo watu wazima walisema ni mipango ya Mungu, lakini dada hakukubali kumsingizia Mungu, alisema ni watu wazima hawakujua, na asiyejua anaweza kufundishwa.

Basi akasomea ualimu kuanzia 1981 hadi 1983, na tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa kufundisha jiografia katika shule ile ile, akapewa chumba cha mwisho chenye dirisha lisilofungika, na kabla hajafungua daftari la mahudhurio aliwapandisha watoto kwenye kile kijia, saa ya michezo mkononi, akapata dakika ishirini na mbili, akasema tumeshakufa wote, turudi tuanze upya.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na shemeji yetu huyu, mwoka mikate, ambaye hajawahi kumgombeza mtu maishani na nadhani ndiyo sababu alichaguliwa, na siku ya harusi, wageni wakiwa wameshakaa, bibi harusi alimwita mwenye ukumbi na kumuuliza mlango wa pili uko wapi, alipoambiwa umezibwa na makreti ya soda akasimama na shela lake kichwani mpaka kreti la mwisho lilipoondolewa. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1988 ambaye leo ni nesi, na kijana aliyezaliwa 1991 ambaye ni fundi umeme, na wote wawili walijua kujikunja chini ya meza na kushika mguu wake kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa nasema kosa lake, kwa kuwa mwenyewe alilisema kila mwaka mbele ya darasa jipya. Kwa miaka kumi na moja mazoezi yalifanyika kila Alhamisi saa nne, watoto wakawa hodari, muda ukashuka hadi dakika tisa, wageni wakaja kushangaa, halafu Jumanne tarehe 9 Mei 1995 ardhi ikatikisika kweli, chaki zikamwagika, kabati la ramani likaanguka, na watoto arobaini na watatu wakabaki wamekaa wima wakimtazama, mpaka mmoja akanyoosha mkono na kumkumbusha kwa adabu kwamba leo si Alhamisi. Lilikuwa tetemeko dogo na hakuna aliyeumia, lakini dada alirudi nyumbani akakaa jikoni akalia kwa kwikwi, shemeji akaunguza mikate kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua mazoezi yatakuja lini, yalikuja wakati wa mtihani, yalikuja mvua ikinyesha, yalikuja walimu wakiwa na chai mdomoni, na watoto wakampa jina la Mwalimu Tetemeko, jina ambalo alilipenda kuliko vyeti vyake vyote.

Mwezi Juni 2017 mazoezi yalikuja mkaguzi wa shule akiwa darasani, naye akaingia chini ya dawati na suti yake, akapanda kilima na viatu vya ngozi, akafika wa mwisho kwa dakika kumi na tisa, na dada, ambaye hakujua kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akauandika muda huo ubaoni kwa chaki nyekundu pamoja na neno marehemu. Barua ya onyo ilifika tarehe 6 Julai 2017, ikisema mazoezi yanatia watoto hofu na yasitishwe, na mwaka uliofuata lango la kile kijia likafungwa kwa kufuli, ati kwa usalama wa wanafunzi. Kwa barabara ya magari, kutoka darasani hadi juu ni dakika ishirini na tatu, aliipima mwenyewe, na maji ya 1970 yalichukua kumi na nne, hesabu hiyo hata mimi wa cherehani naiweza.

Alistaafu tarehe 3 Machi 2021, na kila muhula alikwenda ofisini kuomba lango lifunguliwe, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Wapo waliocheka kwamba amepoteza miaka arobaini akisubiri mawimbi ambayo hayakuja, na ni kweli hayakuja, tunashukuru, yeye alishukuru kuliko sisi sote, lakini aliyefunga mlango wake maisha yote asiibiwe hatumwiti mjinga, na watoto mia nne wamo darasani hapo chini leo hii.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kupanda kilima, akajibu kwamba basi siku yake ikifika apandishwe, na tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono, na nimemlilia mpaka sauti hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliovumilia kuulizwa habari za milango ya dharura, majirani waliolala sebuleni kwetu bila kuitwa, na walimu wenzake waliotia saini maombi ya lango pale ambapo kutia saini kulikuwa kujitafutia balaa. Ofisi ya elimu imeleta cheti cha heshima asubuhi hii, tumekipokea kwa mikono miwili, tutakitundika chini ya barua ya onyo, ambayo ilitangulia.

Makaburi yako juu ya kilima, na marehemu ameandika kwa mkono wake kwamba apelekwe kwa njia ya shule na si nyingine, wanafunzi wake watambeba, na wote mnaoweza kutembea mtapita nyuma yake na watoto wenu ili mguu uijue njia. Mwalimu mkuu, najua ufunguo unao, unatembea nao kwenye mkufu huo wa funguo ulioushika, na sisi hatuna haraka, tumezoea kusubiri, ila jeneza halitazungukia barabarani, na lango likishafunguliwa leo familia hii haitarudi nyuma kulifunga.

Dada, utapumzika kwa amani, lakini kwanza tukupandishe.