Sentimita Nne za Don Eliécer

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi na moja jioni, don Eliécer Tunjano Rubiano atarudisha funguo za ofisi, kofia ya ujenzi, na kikombe cha kahawa ambacho si chake. Ametumikia Idara ya Mipango ya Mabasi ya jiji la Santa Rosalía kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kadhaa. Idadi ya siku hizo anaijua mwenyewe, maana ni mpimaji, na neno "kadhaa" halijawahi kumtoka mdomoni.

Majalada ya idara yanasema kwamba katika muda wote huo alikosea mara moja tu. Nilipoombwa kuandika wasifu huu wa jarida letu nilikubali kwa sababu ya mara hiyo moja. Nitaifikia.

Alikuja kwetu mwaka 1994, ametoka mkoani Boyacá na suti moja ya kahawia, akaajiriwa kushika fimbo ya kupimia ardhi. Wenzake walipewa fimbo za aluminiamu. Yeye alichelewa mgao, akatwaa mpini wa ufagio wa mama mkwe wake, doña Bertilda, akauchora mistari ya sentimita kwa wino mweusi. Fimbo za aluminiamu zote zimeshapotea. Mpini bado upo nyuma ya mlango wa ofisi yake, na doña Bertilda bado anaudai.

Jiji lilipoamua kujenga njia ya mwendokasi, kilomita kumi na nne katikati ya Barabara ya Makanisa, wataalamu walichora vituo kwa kugawanya ramani kwa rula. Don Eliécer alichukua kigoda cha plastiki na chupa ya kahawa, akaenda kuhesabu watu. Mbele ya duka moja la mikate alikaa siku kumi na moja mfululizo. Siku ya tano mwenye duka alimtolea sahani ya almojábana za moto, vimikate vya jibini, na kumwambia kwa upole, "Kaka, kama ni mimi unayenisubiri, nina mume." Don Eliécer alimjibu kuwa anasubiri watu mia nne na kumi kwa saa, akala zote, kisha akaandika ripoti iliyosogeza kituo mita arobaini. Kituo hicho leo ndicho kinachojaa kuliko vyote. Mume wa yule mama bado hamsalimii.

Sasa doña Bertilda, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sabini na minne na nyonga iliyokuwa imevunjika. Kila Jumapili mezani, mbele ya supu, alimkumbusha mkwewe ahadi yake. "Eliécer, umesema hilo basi lako nitapanda bila kuinua mguu. Nikiinua mguu hata kidogo, nitateremka nirudi nyumbani kwa teksi, na kanisani nitawaambia kwa nini." Mwendokasi kwetu maana yake ndiyo hiyo: sakafu ya basi na jukwaa la kituo vilingane, watu waingie kama wanaoingia sebuleni. Visipolingana, una basi refu tu, na vizee wengi chini.

Novemba 2003 basi la mfano lilifika, jekundu, linajikunja katikati, zuri kama keki ya harusi. Tulijenga jukwaa la mbao la kujaribia, la sentimita tisini, kama michoro ilivyosema. Desemba ilipoanza, wakubwa arobaini walipanda, wakazungushwa, wakapigwa picha. Wakati wa kushuka, mkurugenzi wetu, Doctor Lizcano, alijikwaa kwenye ukingo wa jukwaa na kummwagia naibu meya kahawa kifuani. (Doctor Lizcano hajawahi kumtibu mtu. Kwetu ukivaa tai ukapewa ofisi yenye mlango, wewe ni Doctor.) Sote tulitazama viatu vyake vipya, tukakubaliana kuwa ndivyo vyenye makosa. Don Eliécer alitazama ukingo.

Aliinama na mpini wake. Watu arobaini walikuwa wamelibonyeza basi sentimita mbili. Basi lile lilikuwa na springi za chuma, na lilitengenezwa kubeba watu mia moja na sitini.

Alikwenda kwa Doctor siku hiyohiyo kuomba basi lijazwe lipimwe. "Don Eliécer, basi ni basi," Doctor alimwambia. "Kitabu cha kiwanda kimesema tisini." Don Eliécer akasema kitabu kilipima basi tupu. Doctor akasema ni Desemba, watumishi wanaondoka likizo, zege la majukwaa arobaini na mawili linamiminwa Jumatatu tarehe 22, na yeye hana watu mia moja na sitini wa kumpa mtu yeyote.

Lakini mji huu, Desemba, una watu wa kutosha ukijua wanakokusanyika. Novena ya mtaa wa don Eliécer, zile sala za siku tisa kabla ya Krismasi, ilikuwa na waumini wengi na sebule ndogo. Alhamisi tarehe 18, saa tisa alasiri, alizihamishia sala hizo kwenye karakana lilikolala basi la mfano. Walikuja wote: mabibi, wachinjaji, timu ya mpira, akina mama na watoto wao, njuga, gitaa, sanamu ya Mtoto Yesu, sufuria nne za uji mzito wa natilla na maandazi ya jibini mia tatu yaitwayo buñuelo. Mlinzi wa geti aliuliza kibali kiko wapi. Doña Bertilda akamwambia, "Kibali tunakwenda kukiomba humo ndani, mwanangu. Pisha."

Nilikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kulala kifudifudi kwenye lami, shavu chini, nikisoma kwenye mpini urefu wa sakafu ya basi kila don Eliécer anapopaza sauti kutoka juu. Sala ya kwanza: sitini na nane. Ndiyo, nilisoma sitini na nane. Nilikuwa nimeushika mpini kichwa chini, na nikasahihishwa kwa maneno ambayo hayamo katika novena. Tukaanza upya. Watu wote ndani, wakisali: themanini na mbili na nusu. Baada ya buñuelo: themanini na mbili kamili. Wachinjaji walishangilia kama waliofunga bao.

Basi lililojaa lilikuwa sentimita nane chini ya jukwaa. Jioni ya saa kumi na mbili, watu wametoka kazini, kila abiria angeshuka kwa kupanda ngazi asiyoiona. Don Eliécer aligawa tofauti katikati, akaweka jukwaa sentimita themanini na sita. Basi tupu lingekuwa juu kwa nne, lililojaa chini kwa nne, na raba ya ukingoni ingemaliza iliyobaki. Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kahawa, aliiweka hesabu hiyo juu ya meza ya Doctor, ikinuka buñuelo. Doctor aliisoma mara mbili. Akasimamisha zege.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa.

Maboksi ya mbao ya kumiminia zege, arobaini na mawili, yalikuwa yameshakatwa kwa kipimo cha tisini. Kuyakata upya kulisogeza ufunguzi kutoka Januari hadi Machi, na meya alikuwa ameshatangaza Januari. Kikao kiliitishwa, na Doctor aliuliza swali moja: nani aliandika tisini kwenye mchoro bila kuuliza kama basi lina watu?

Mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mkataba wa miezi mitatu, na mke mwenye ujauzito wa miezi minane. Tisini niliikuta kwenye kitabu cha kiwanda, ukurasa wenye picha ya basi likiwa tupu linang'aa, nikainakili kwa mwandiko mzuri sana. Nilianza kuinuka kitini. Kiatu cha don Eliécer kilikanyaga changu chini ya meza, kikakaa hapohapo. Hakunitazama. Aliniambia kwa pembe ya mdomo, "Tulia, dogo. Wewe watakufukuza. Mimi watanihamisha tu." Kisha akasimama akasema kipimo ni kazi ya mpimaji, na mpimaji ni yeye.

Nikatulia. Sijawahi kutulia vizuri kiasi kile tangu nizaliwe.

Walimhamishia stoo ya vitu vilivyosahauliwa, miaka miwili na nusu. Hakulalamika. Aliorodhesha miavuli 611, seti tisa za meno ya bandia, na jogoo mmoja aliyekataa kudaiwa na mtu na akawa anawika kila simu inapolia. Aliporudi Mipango, ukuu wa kitengo ulikuwa umeshapita mlangoni kwake ukaja kwangu. Kiti hicho ndicho kilichonipa kitambi hiki mnachokitania. Nilijaribu mara nyingi kulisema jambo hili, na kila mara alinikatiza kwa kuniuliza kama nimeshajua upande upi wa mpini ndio wa juu.

Ila Ijumaa hii hawezi kunikatiza, kwa kuwa jarida limeshachapwa. Kwa hiyo wenzangu, naomba ijulikane: mchoro namba 17, jukwaa la kituo, toleo la kwanza, ulikosewa nami, Wilmar Echavarría. Ulipimwa na kuokolewa na Eliécer Tunjano. Jana nimeomba masjala ibadilishe majina kwenye jalada, na mkurugenzi wetu wa sasa ametia saini. Rekodi ya don Eliécer sasa ni miaka thelathini na mmoja, makosa sifuri. Siku kadhaa ataziongeza mwenyewe.

Na doña Bertilda? Machi ile alisimama kituoni na fimbo yake ya kutembelea, akamuuliza mkwewe kwa nini basi la kwanza limepita juu kidogo. Don Eliécer alimjibu, "Mama, panda la saa nne asubuhi. Saa nne limejaa nusu, wewe na basi mko sawasawa." Hajainua mguu tangu siku hiyo. Ana miaka tisini na sita, na hupanda la saa nne kila siku, hata asipokuwa na pa kwenda.

Don Eliécer, asante kwa vituo, kwa almojábana ambazo hukutugawia, na kwa kiatu kile, ambacho bado nakisikia kwenye vidole. Kuanzia Jumatatu huna ofisi ya kuwahi. Rudisha ufagio wa watu, kisha ukakae karibu na mama mkwe wako. Sisi wa Idara ya Mipango tunakutakia asubuhi nyingi za saa nne.