Papa Esdras na Damu ya Bakavuo Babili

Miaka makumi tatu na ine. Ni hiyo Papa Esdras Lusenge ameshika sindano mu labo ya hopitali yetu hapa Butembo, tangu 1991 mpaka jeudi, siku ya ine ya juma, tarehe 31 mwezi wa saba 2025, siku atavua blouse na kuingia retraite, kustaafu kazi. Bakubwa ba hopitali baliniomba mimi, mama wa chai na wa kufua mablouse, nitoe maneno juu yake, sababu badocta bote baliojaribu balianza tu kumusifu. Mimi sikuenda masomo. Sikuli, muandishi wa secrétariat, ndiye anashika kalamu, na nimemukataza kusafisha maneno yangu.

Papa Esdras alizaliwa kule Lubero, mu familia ya balimaji ba biazi. Aliingia hapa kijana mwembamba, na diplôme mu bahasha na biatu bya kaka yake mukubwa mu miguu. Siku ya kwanza alivunja chupa tano, kiisha akasema chupa zenyewe zilikuwa mbaya. Tangu ile siku tulimujua: Papa Esdras hakosi. Ni mashini inakosa, ni courant ya umeme inakosa, ni mugonjwa anakosa kukaa kimya. Microscope ya kwanza ya labo ilikufa na lawama zote juu ya kichwa yake, masikini.

Mais tuseme ukweli, kazi aliijua. Mutoto wa siku mbili, muzee aliyebaki mifupa, yeye anapata mushipa mara moja. Shida ni kwamba mutu mwenyewe hakumuangalia. Alijua mikono, hakujua nyuso. Mu soko atapita mbele yako bila salamu, kiisha arudi na furaha: "Ah! Wewe ni ule mushipa wa kukimbia, mukono wa kushoto!" Mbele ya batu bote, na wewe umebeba maharagi. Bibi yake, Mama Tamar, alituambia kama hata siku ya kumuposa aliangalia kwanza kiwiko.

Na frigo ya labo! Mu 2009 Docta Edmond, aliyehama zamani, aliweka ndani samaki yake ya Vitshumbi, pembeni ya damu ya batu. Papa Esdras aliibeba mpaka mu bureau ya directeur, akailalisha juu ya mapapier: "Chef, docta anauliza huyu anaumwa nini." Docta Edmond alikula bugari kavu ile siku. Samaki yenyewe, sisi bamama ba chai hatukujua ilienda wapi.

Mu 2019 Docta Rébecca alileta kazi mupya, kazi ya kutafuta alama ya kansere mu damu. Naielezea kama nilivyoisikia nikimwaga chai. Kuna kitu kinaitwa protéine. Haiko ile ya nyama na maharagi tu. Mwili unatengeneza zake, maelfu, na zingine zinaanguka mu damu. Kivimbe nacho kinaangusha zake. Sasa, mu ziwa ya mama, titi yake, kunaweza kuwa kivimbe chenye kinakaa pahali pake sawa mugeni mwenye adabu, na kunaweza kuwa chenye kimevunja lupango, uzio wake, kimeanza kutembea mu mwili wote. Ukigusa na mukono, byote bibili ni kivimbe tu. Mais protéine zao haziko moja. Huko mbali kuna mashini inapima uzito wa hizo protéine, kipande kwa kipande, mu tone moja ya damu. Bakubwa ba masomo ba huko banatafuta ni kipande gani kinatangaza kivimbe cha kutembea, mbele mama aanze kukonda.

Bamama mia moja na makumi ine ba Butembo na Beni balitoa damu yao, kila jeudi kikundi kidogo. Papa Esdras ndiye alipewa kuichunga: kutoa, kubandika chupa, kuweka mu baridi, kufunga glacière, ile sanduku ya barafu, kuisindikiza mpaka Kasindi ku mupaka, ivuke Uganda, ipande ndege. Siku moja mutu wa douane, wa forodha, alitaka kufungua glacière mu jua ya saa sita aone kama hakuna mali ndani. Papa Esdras alitoa bic na cahier: "Fungua, chef. Mais unitajie jina yako kwanza, niandike nani aliharibu damu ya bamama makumi mbili." Glacière ilipita, na yule chef akaomba radhi kwa kifuniko.

Sasa tufike pahali hakupenda tufike. Alinipa ruhusa jana, na uso wa mutu anayekunywa dawa ya minyoo.

Docta Rébecca alisema tangu mwanzo: ku chupa mubandike numéro tu. Papa Esdras alikataa mu moyo. "Mutu haiko gunia ya kahawa. Mama eko na jina." Akaandika majina. Maneno matamu, hata mimi nilimupigia mikono. Mais hapa kwetu jina ya mutoto inafuata namna alivyozaliwa kati ya bandugu yake. Ukiita "Kavuo" mbele ya kanisa, vichwa kumi vinageuka. Jeudi moja ya 2022, bakavuo babili balikaa mu kiti yake. Mumoja ni wa Mususa, hapa hapa Butembo, fundi wa kushona. Mwingine ni wa Oicha, mulimaji wa cacao. Bote miaka makumi ine na moja, bote kivimbe mu ziwa ya kulia. Papa Esdras akabandika "Kavuo" huku, akabandika "Kavuo" kule, akaenda kula.

Kisha miezi saba jibu ikarudi. Mashini haikati kesi. Inasema tu, muangalie huyu. Ilisema: mu chupa moja ya Kavuo kuna alama sawa ya bivimbe bimevunja lupango. Mu chupa ingine, hakuna. Docta Rébecca alishuka mu labo na ile papier.

"Papa Esdras, ni Kavuo gani?"

"Ule wa mukono wa kushoto."

"Bote ni kushoto, Papa. Ni wewe uliandika."

Nilikuwa pale na thermos. Mu miaka yote, ilikuwa mara ya kwanza microscope haikutajwa.

Dawa ilikuwa moja: kupata bakavuo bote babili mbio, kukata kipande kidogo mu kila kivimbe, kuangalia kwa macho. Kama kimoja kimeanza kutembea, kila juma inapita ni yake.

Kavuo wa Mususa ni jirani. Nyumba yake iko nyuma ya mutaa wa Papa Esdras. Alipofika kwake na kumweleza, yule mama hakutoa hata muguu ku mashini ya kushona. "Miezi saba mulinyamaza. Leo munataka kunikata juu mulichanganya machupa? Niko na robe makumi mbili za première communion, za batoto ba komunyo ya kwanza, hapa. Mutafute ule mwingine kwanza. Kama kwake hakuna kitu, nitakuya." Papa Esdras alitoka na uzi mu nywele.

Kavuo wa Oicha hakuwa tena Oicha. Risasi zilimufukuza, simu yake ilikuwa kimya, bajirani balisema alikimbilia Beni na batoto. Donc Papa Esdras, na makalio yake ya miaka makumi sita, alipanda moto, pikipiki ya Timothée, motard wa kona yetu, na akaanza kuzunguka makanisa ya Beni. Mutu aliyekimbia, unamutafuta ku kanisa, haiko ku bureau. Dimanche ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Na hapa Kavuo wa Mususa anaendelea kushona, Docta Rébecca anapita kwake kila siku kumubembeleza, anarudi bure.

Dimanche ya tatu Papa Esdras, Mukatoliki tangu tumboni, alikaa mu kanisa ya Baprotestanti saa ine nzima. Timothée anasema alilala mara mbili na kusema amina mara tatu, pahali hapakuwa pa amina. Mwishoni pasteur akatangaza: Kavuo aliyetoka Oicha asimame. Kumi na moja balisimama. Papa Esdras akasimama naye: "Samahani bamama, mupandishe kidogo mikono ya robe." Hapo kanisa ikawaka. Bana protocole, bale banapanga batu mu kanisa, balikuya kumutoa inje, mais alikuwa amekwisha kupita mu mustari, akifinya biwiko sawa mutu anayechagua maavoka. Ku wa saba akasimama. "Ni huyu. Uso siukumbuki, mama, uniwie radhi, mais huu mushipa nimeutoboa mimi." Kanisa yote ilicheka mpaka pasteur akasahau baraka.

Inje hakuna aliyecheka. Papa Esdras alivua kofia na kusema maneno ambayo sisi ba labo tulikuwa tunayangojea tangu zile chupa tano. "Mama Kavuo, nilikosa. Docta alisema niandike numéro, mimi nikaandika jina. Haiko mashini. Ni mimi."

Yule mama alishusha mukono wa robe yake. "Papa, nimekimbia risasi na batoto bane. Kumbe pengine risasi ingine ilikuwa ndani yangu, na wewe ulikuwa huko unapamba majina?"

Timothée anasema Papa Esdras alilia. Papa Esdras anasema ilikuwa vumbi. Beni, mwezi wa ine, mvua ya kila siku. Vumbi gani?

Balirudi batatu juu ya moto moja. Njiani yule mama alisikia habari ya Kavuo mwenzake, na akakataa kwenda ku hopitali moja kwa moja. Alipitia Mususa, akaingia bila kubisha, akakaa juu ya kitambaa cheupe cha batu. "Ndugu, mimi ndiye Kavuo ule mwingine. Sipandi kitanda bila wewe. Simama." Robe moja ya première communion ilibaki ile siku na mukono moja.

Alama ilikuwa ya Kavuo wa Mususa. Wakati Papa Esdras anafinya biwiko kule Beni, kivimbe kilikuwa kinatembea hapa, hatua mia mbili toka mulango wake. Balimutoa ziwa mu juma ile ile, dawa kali alizifuata Uganda. Wa Oicha, kivimbe chake kilikuwa mugeni mwenye adabu; balikitoa, akarudi kwa batoto. Tusidanganye batu: kati ya bale bamama mia moja na makumi ine, kumi na tisa tumekwisha kubazika, na ile alama bakubwa bado banaibishania. Mashini inaona mbali. Dawa iko mbali zaidi.

Tangu pale, mu labo yetu, kila mama anabandika numéro yake na mukono yake, na anashika chupa mpaka iingie mu frigo. Papa Esdras anafundisha ile desturi sawa Mungu alimupatia mu ndoto. Na nyuso sasa anaziangalia, anauliza umetoka wapi, batoto bangapi, mama yako eko muzima. Mustari unafika ku mulango, bamama banalalamika.

Jeudi hii, wa mwisho ku liste yake ni Kavuo wa Mususa, control ya miaka mbili. Ile damu ndiyo itasema kama kivimbe kimerudi. Jibu itakuya mwezi wa kumi, na Papa Esdras hatakuwa hapa. Aliomba aruhusiwe kuya kuipokea yeye mwenyewe, hata bila blouse. Directeur akasema règlement, sheria ya hopitali, inakataza. Kavuo akasema basi règlement ikuye kukaa mu kile kiti, itolewe damu mu nafasi yake.

Papa Esdras, asante kwa miaka yako yote, na zaidi kwa ile dimanche ya Beni. Mungu akupatie siku mingi na magoti ya kuzitembeza, wewe na Mama Tamar. Mwezi wa kumi tutakuona ku mulango, règlement ipende isipende. Chai itakuwa mu thermos. Jibu ikiwa mbaya, tutaikunywa na Kavuo katikati yetu. Ikiwa nzuri, nitaweka sukari.