Jiwe la Mlangoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mhandisi wetu, Mama Mlango, unayestaafu leo huku ukikagua madirisha ya ukumbi huu: nawasalimu nyote.

Hospitali hii ina watu wakarimu, na ukarimu huo nusura utuponze. Nani hapa amelisahau jiwe lililozuia mlango wa chumba cha kusubiri usifungwe, ili ubaridi wa kiyoyozi uwafikie na waliopanga foleni nje? Tuliona ni utu. Kumbe kiyoyozi kilihangaika kutwa kupoza barabara! Umeme ulipokatika, jenereta ililemewa, ikazimika, na vitanda vya joto vya watoto njiti vikapoa. Tuliwakumbatia vifuani tukimwomba Mungu. Bodi ilikuwa tayari kuifunga wodi yao na kuwapeleka watoto mbali, na tulijua wengine wasingefika.

Mama Mlango akasema, "Kabla hamjafunga, niacheni nitafute umeme unakokwenda."

Akaweka vipimo vya umeme kila chumba, akatufuata nyuma kama mama mkwe. Alipoligusa jiwe, wauguzi tulimjia juu: wagonjwa waungue na jua? Hakubishana. Aliketi kwenye foleni ile mchana mzima, jua likimpiga kisogoni. Kisha akaleta mafundi. Paa likapakwa rangi nyeupe, madirisha ya juu yaliyopigiliwa misumari yakafunguliwa ili joto la darini litoke, foleni ikajengewa kivuli na kupata upepo. Ndipo akaliondoa jiwe, na hakuna aliyenung'unika.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Jenereta yetu haikuwahi kuiona nafuu hiyo. Kila kilichovuja, aliyebebeshwa ni yeye.

Umeme ulipokatika tena, tulikimbilia wodini, mikono tayari. Jenereta ikanguruma, na vitanda vikabaki na joto. Tulitazamana, tukacheka, tukalia. Mpaka leo najivunia kuwa nilikuwepo.

Mama, wale wanaokimbizana huko nyuma na kunikatiza hotuba ndio watoto wenyewe. Wamekuja kukuaga kwa miguu yao.

Zawadi yako ni hii hapa: jiwe lile lile, tumelisugua likatakata. Liweke popote nyumbani kwako, isipokuwa mlangoni.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Atakayetoka wa mwisho, tafadhali, afunge mlango.