Insha ya Dada Yenu

Sikilizeni, wanangu. Wewe fundi umeme, acha kuikagua hiyo swichi, haijaniua miaka yote hii na haitaniua leo. Na wewe kitinda mimba wangu, weka sindano na hicho kitambaa chini. Nisogezeeni mto. Hapo, basi. Daktari alichowaambia uani nimekisikia, maana masikio haya yamezoea minong'ono ya madawati ya nyuma, kwa hiyo tusidanganyane.

Nyumba hii ni ya watoto watatu, si wawili. Fundi, najua umekipima chumba cha dada yenu ukitaka kukifanya karakana, na sikulaumu, miaka kumi na tisa kitanda chake kimelaliwa na marobota ya vitambaa vya mdogo wako. Umesema mara nyingi kwamba aliyetutupa hana fungu. Ulisema hivyo kwa sababu mimi, baba yako, nilinyamaza nikakuacha uamini hivyo, na leo unyamavu huo unanikaba kuliko hiki kifua.

Mnajua nilivyofundisha fasihi. Wadogo wa kidato cha kwanza niliwaanzishia hadithi za watoto waliopotea njiani, wakubwa nikawapa riwaya za watu wanaosafiri moyoni bila kuinuka kitini, na wote niliwachorea mstari mmoja wa chaki, ukingo hadi ukingo wa ubao, waje waonyeshe msafiri ameondokea wapi, amegeukia wapi, na amelipa nauli gani, yaani ameacha nini nyuma yake ili afike. Wakaniita Bwana Nauli, wakidhani sijui. Nilikuwa hodari, nasema bila haya. Nilimtoa machozi hata mwalimu wa hesabu.

Mama yenu alikuwa na miezi mitano kaburini. Dada yenu alikuwa kidato cha sita, darasani kwangu, na huku nyumbani ndiye aliyewaogesha, akawapikia, akawapigia pasi sare. Nikawapa wanafunzi insha ya safari, kama kila mwaka. Yake ilikuwa ya msichana anayeishi na baba anayezijua huzuni zote za vitabuni, anayewaeleza watoto wa watu kila msafiri alihisi nini, lakini tangu mkewe afe hajamuuliza bintiye hata mara moja, umelalaje? Siku moja yule msichana akapiga deki, akawavisha wadogo zake, akatoka.

Nilisahihishia pale jikoni, naye yuko nyuma yangu anaosha vyombo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamwekea alama ya mkato aliposahau, nikaandika chini: "Lugha nzuri. Msafiri hana sababu ya kutosha ya kuondoka. Kumi na nne kwa ishirini." Nikavuta daftari la mwenzake. Akaniuliza, "Baba, umeisoma?" Nikamjibu, "Nimeisahihisha. Utaipata kesho na wenzako." Wanangu, nilikuwa naogopa wasije wakasema nampendelea! Aliendelea kuosha ile sahani ambayo ilikuwa imeshatakata, na mimi sikugeuka.

Aliondoka wiki hiyo hiyo, sakafu ikiwa bado mbichi, nanyi mmevaa sare. Majirani walipouliza, nikasema shangazi yenu ndiye aliyemtia maneno. Fundi, umeacha kumwamkia shangazi yako kwa uongo wangu. Yule pale mlangoni, hakumrubuni mtu, alimfungulia tu mlango aliyefika analia, na aibu yangu akaibeba miaka yote hii asije akanivunjia heshima mbele yenu. Leo, kabla hamjala, mwombe radhi. Dada yangu, na mimi nisamehe.

Mtaniuliza kwa nini sikumfuata. Mara mbili nilikata tiketi. Mara mbili nilifika kituoni, nikaona basi linapakia, nikageuza. Mtu aliyefundisha safari miaka thelathini na mitatu! Nilijiambia kwamba binti ndiye anayerudi kwa baba. Kilikuwa kiburi, na nyuma ya kiburi ilikuwa hofu kwamba atanifungulia mlango na mimi nitaanza kumhutubia.

Basi shikeni haya. Chumba ni chake, arudi asirudi. Vitabu vipelekeni shuleni, ila lile daftari lake liko kwenye mtoto wa meza, lisitupwe. Nizikeni karibu na mama yenu, na mwanafunzi wangu yeyote akitaka kuhutubia, mpeni dakika tano, nawajua. Dada yenu msimwite kwenye msiba kwa simu, asije akadhani anaitwa kulipa kitu. Nendeni nyinyi, wote wawili, shangazi anapajua, yuko kiwanda cha mikate na ana watoto wawili ambao sijawahi kuwaona. Mwambieni baba amesema sababu ilitosha, tangu mstari wa kwanza ilitosha, na aliyeshindwa kusoma ni yeye.

Nipe maji. Kidogo tu... asante.

Mungu awalinde. Awape riziki ya mikono yenu, awape watoto msioogopa kuwatazama usoni, na ninyi watatu asiwatenganishe tena. Nimewabariki, wanangu, nimewabariki wote, na aliye mbali zaidi...

Ngojeni, msiinuke. Bado kuna jambo. Na nyinyi pia mlifiwa na mama. Fundi, ulikuwa na miaka tisa. Wewe mdogo, sita. Sijui... sijui mlikuwa mnalia wapi. Sikuwahi kuuliza. Sauti inanikimbia, lakini masikio bado yapo.

Anza wewe, kitinda mimba wangu. Ilikuwaje kwako? Sitakukatiza.