Sauti ya Kuazimwa Hairithishwi

Aliyeazimwa sauti ya wenzake hana haki ya kumwazima mwingine. Hiyo ndiyo hoja nitakayoitetea mchana huu, na ninaitamka kabla hata ya salamu, ili asiwepo atakayesema baadaye kwamba nilimvizia.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya. Baba Paroko na Mchungaji, mliotupa ukumbi huu na viti hivi. Wazee wetu wa Fizi na Baraka. Ndugu zetu mliotoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda kwa miguu na kwa pikipiki. Wageni waalikwa wa Kazimia na Lulimba. Bamama na bapapa. Na wewe, Ndugu Placide, mwenyekiti wetu tuliyekusanyika kukuaga: salamu zangu zimfikie kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa nimsifu Ndugu Placide. Nitamsifu, na sitamsifu kwa uongo. Miaka mitatu iliyopita, alipounda chama chetu cha waandishi wa mtandaoni, wengi wetu tulikuwa na simu moja kwa nyumba nzima. Ni yeye aliyepakata paneli ya sola katika boti kutoka Kazimia, mawimbi yakimlowesha, huku akiwaambia abiria wenzake, "Munirushe mi kwa maji, lakini hii hapana!" Ni yeye aliyetufundisha jukwaa la blokcheni ni nini. Kwa wageni wasiolijua, ni uwanja wa mtandaoni ambamo watu huandika na kusoma, ila kumbukumbu zake hazikai mikononi mwa kampuni moja. Nakala zake zimetawanyika duniani, na kilichoandikwa humo hakifutiki. Kila mwanachama ana nguvu ya kura, kubwa au ndogo kadiri alivyojijenga humo. Kura ya kuunga mkono huliinua andiko likasomwa. Kura ya kupinga hulididimiza mpaka likafichwa. Na mtu anaweza kuikabidhi nguvu yake kwa akaunti nyingine, ipige kura kwa niaba yake. Nguvu inabaki mali yake. Akitaka kuirudisha anairudisha siku yoyote, na baada ya siku tano iko mkononi mwake.

Sisi watu arobaini na mmoja tulifanya hivyo. Kura zetu mojamoja zilikuwa matone; tulizikusanya zote katika akaunti ya chama, na ufunguo wake tukampa Ndugu Placide. Nani atakanusha kwamba ilifaa? Andiko la mwenzetu Gordien juu ya ugonjwa wa mihogo lilisomwa katika nchi ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Kwa hiyo sisemi kwamba kukabidhi ni kubaya. Nani kati yetu anaishi bila kukabidhi? Mama sokoni anamwachia jirani meza yake ya samaki wa ndagala aende kunyonyesha. Mgonjwa wa Lusenda anamtuma mwenzake amshikie foleni. Tusipoaminiana hivyo, hata wiki hatuimalizi.

Lakini kukabidhiwa kuna adabu zake. Baba yangu mdogo Roger, aliyeketi pale mstari wa tatu, na ambaye sikumwomba ruhusa, anisamehe. Katika ukoo wetu, anayetumwa kuposa huvishwa kofia ya babu. Akiwa nayo kichwani, anasema kwa jina la familia nzima. Tulipokwenda Lulimba kumposea kaka yangu, wenyeji waliomba mbuzi mmoja zaidi. Baba Roger akasimama, akatoka, akaja nyuma ya jiko tulikokuwa tumeketi, akatuuliza. Akarudi ndani. Wakaomba godoro. Akatoka tena. Mara ya nne, shangazi wa bibi harusi akamcheka mbele ya wote: "We Roger, kichwa hauna? Kila kitu unaenda kuuliza inje kama mutoto!" Akajibu: "Kichwa niko nayo, mama. Mbuzi ndiyo haiko yangu."

Siku ya pili homa ikamshika. Je, alimvika kofia shemeji yake aliyeketi ubavuni, mtu mwema na msemaji hodari? Hapana. Alimrudishia baba yangu kofia mikononi, na baba, baada ya kuwauliza ndugu zake, akamvisha waliyemtaka. Nimesoma sheria miaka mitano. Warumi walilisema jambo hili kwa Kilatini, na profesa wetu akalirudia mpaka tukalisinzilia. Baba Roger alinifundisha lilelile kwa kofia moja, na sikusinzia.

Sasa nije kwa Cassilde. Dada yetu Cassilde Nzohabonayo, Mrundi wa Lusenda, mkulima, mwanachama kama mimi, aliandika mwezi uliopita juu ya bomba la maji la mtaa wake. Alisema kwamba wajumbe waliotumwa kuongea na wasimamizi walikubali bomba lifunguliwe asubuhi tu, saa ambazo wanawake wako mashambani, na kwamba hakuna aliyerudi kuwauliza. Hakumtukana mtu. Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika kumi na mbili, andiko lile lilipigiwa kura ya kupinga, likafichwa. Kura yenyewe yeyote anaweza kuiona hadi leo, maana humo hakuna kinachofutika. Ilitoka kwenye akaunti ya chama chetu.

Nilimkuta Cassilde akipalilia. Nikampa pole, nikamwuliza ni nani aliyemfanyia vile. Pole yangu hakuipokea.

"Kaka Bienfait, usiniulize nani," akasema. "Kura ile ilibeba nguvu ya batu makumi ine na moya. Ya kwako iko ndani. Ata ya kwangu iko ndani! Nimejifunika na mukono yangu mwenyewe."

Kisha akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Tangu siku ile hajaandika hata mstari.

Kwa nini hatukuzirudisha nguvu zetu? Kitufe tunakijua kilipo. Kosa ni letu, si la mashine: tuliona haya. Kwetu, kumdai mkubwa ulichompa ni kama kumwondolea kiti akiwa amekikalia. Tukaubatiza woga wetu jina la heshima. Hata mimi, ninayetembea Baraka nzima na diploma yangu kama bendera, niliona haya majuma matatu.

Na leo Ndugu Placide anahamia Uvira. Ratiba mliyoishika mikononi, sehemu ya saba, baada ya soda na kabla ya picha, inasema kwamba mwenyekiti atamkabidhi Ndugu Vainqueur, msaidizi wake, ufunguo wa akaunti. Ufunguo ukitoka mkono huo ukaingia mkono ule, sauti za watu arobaini na mmoja zitakuwa zimehama nao, na hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa.

Nasikia mtu huko nyuma anasema, "Ashuke!" Nitashuka, yaya, mkubwa wangu, niachie dakika mbili. Mtasema Vainqueur ni mtu mwema. Ni mwema. Ni rafiki yangu, na tukiulizwa kesho huenda nikamchagua. Ndiyo maana nataka niulizwe. Mtasema Ndugu Placide alilificha andiko lile ili kulinda jina la chama mbele ya wafadhili. Labda. Basi angetoka nje, akaja nyuma ya jiko, akatuuliza.

Mimi asubuhi ya leo nimekibonyeza kitufe. Nakutangazia, Ndugu Placide, mbele ya wageni hawa, ili utakapouona upungufu usidhani umeibiwa. Lakini nguvu ya mtu mmoja haimfunui Cassilde. Yeye mwenyewe yuko pale mlangoni. Amepewa kiti, amekikataa. Amekuja kusikia neno moja, kisha ataamua kama ataandika tena au atabaki na jembe lake.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia, hasa mliokunja uso. Ndugu Placide, ulitupa sauti tulipokuwa hatuna, na hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kabla hatujafika sehemu ya saba, utujibu hapa, kwa sauti, wageni wakisikia: kofia unairudisha kwa wenyewe, au unamvisha mtu kisichokuwa chako? Kipaza sauti sikizimi. Nakiweka mezani, mbele yako.